Shemeji Alinunua Nyumba Yenye Magurudumu

Mwezi uliopita niliandika hapa hapa kuhusu wanandoa wanaofichana mishahara, na ujumbe mlioniletea umenijaza kichwa. Wengi mmeniuliza swali moja: mhariri, wewe unaandika tu, hayo mambo umeyaona kwa macho yako? Nimeyaona. Tena nimeyaona nikiwa na msasa mkononi, vumbi la mbao limenijaa puani, uani kwa mdogo wangu huko Ujerumani. Kabla ya kuandika nimewaomba ruhusa wote wawili. Majina sitoi, msiniulize.

Ilikuwa Mei 2024. Nilichukua likizo ya wiki tatu nikaenda kumtembelea huyo mdogo wangu wa kike, ambaye ni muuguzi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, mji mdogo karibu na Osnabrück. Mumewe ni Mtanzania mwenzetu, anafanya kazi ghalani. Wote wanafanya kazi za zamu. Nilibeba ubuyu, vitenge na viungo vya pilau, nikijua naenda kupumzika na kula maisha.

Walikuja kunipokea wote wawili, wanacheka, wananikumbatia. Tukaingia kwenye gari. Baada ya dakika kumi nikaanza kushtuka. Mdogo wangu ananiambia, "Dada, mwambie shemeji yako apite kulia." Shemeji naye, mikono kwenye usukani, "Shem, mwambie mdogo wako njia naijua." Kha! Mimi nimekaa kiti cha nyuma, nimesafiri usiku kucha, nimegeuzwa mkalimani wa watu wawili wanaolala kitanda kimoja.

Kumbe hawajasemezana wiki ya sita.

Tulipofika nyumbani nikaona uani limesimama gari kubwa, refu, la rangi ya maziwa, na mistari ya kahawia ubavuni kama soksi za mwanafunzi. Nikauliza, hili la nani? Mdogo wangu akajibu bila kuliangalia: "Hicho ndicho kiwanja changu cha Mapinga."

Nifupishe. Kwa miaka mitatu walikuwa wanaweka pesa kwenye akaunti ya pamoja ili wanunue kiwanja Mapinga, ile ya Bagamoyo. Walifikisha euro 7,500, kwa wakati ule zaidi ya shilingi milioni 20. Siku moja mdogo wangu anatoka zamu ya usiku, anafungua simu kuangalia salio, hakuna kitu. Anafika nyumbani, anakuta shemeji anasafisha vioo vya hilo dubwana, anatabasamu.

Mimi moja kwa moja nilikuwa upande wa mdogo wangu. Usiku ule ule nilimwambia liuzwe, kesho. Nakiri.

Sasa gari lenyewe. Ni gari-nyumba, lile ambalo kwenye sinema wazungu wanalala humo wakiwa likizoni. Hili ni la mwaka 1986, limejengwa juu ya Fiat Ducato ya dizeli. Kampuni iliyojenga hiyo nyumba ya juu siitaji, kwa sababu ugonjwa niliokuja kuukuta humo ni wa umri, na magari mengi ya rika lile yanaugua hivyo hivyo. Ndani kuna kitanda nyuma, meza ya kukunja, jiko la gesi, sinki, kifriji, na choo kinacholingana na kabati la nguo. Kilichobaki chote ni makabati. Makabati juu ya kitanda, juu ya meza, chini ya viti, chini ya sinki. Humo huna chumba cha stoo, huna uvungu wa kusukumia masanduku. Makabati yakifa, nyumba imekufa.

Siku ya pili nikajifanya mdadisi, nikapanda ndani. Nikafungua kabati la juu, kona ya nyuma kulia, pale ambapo mtu akilala ndipo kichwa kinapokaa. Mlango ukanijia mkononi, pamoja na bawaba zake. Harufu iliyotoka ilikuwa ya godoro lililolowa likafungiwa chumbani. Nikabonyeza ubao wa ukutani kwa kidole gumba, kidole kikazama kama kwenye andazi.

Shemeji alikuja, akabonyeza na yeye. Akabonyeza tena pembeni. Halafu akakaa chini pale pale sakafuni. Aliyemuuzia alikuwa amepiga rangi nzuri nyeupe juu ya uozo, na ndani ya kila kabati ameweka kile kimti cha manukato kinachoning'inizwa kwenye teksi. Nje nikasikia sauti ya mdogo wangu: "Dada, milioni ishirini zinanuka?"

Hapo ndipo alipojitokeza yule mzee jirani. Ana miaka zaidi ya sabini, ni seremala mstaafu, na alikuwa anatuchungulia juu ya ua tangu asubuhi. Akaingia bila kualikwa na kidude chenye pini mbili, kipima unyevu. Akachoma ukuta: asilimia 34. Akachoma kona ya pili: 31. Upande wa mlangoni: 13. Akaeleza kwamba ubao ukikaa chini ya 15 huna shida nao, ukishapita 20 kuvu wanapata makazi. Kisha akasema sentensi ndefu ambayo shemeji hakuielewa. Kijerumani cha ghalani kinatosha kuombea maboksi, hakitoshi kuzungumzia useremala. Mdogo wangu, kwa sababu ya wale wazee anaowahudumia, lugha ameiva. Ikabidi amtafsirie mumewe. Alifanya hivyo akiangalia ukuta, lakini alifanya.

Mzee alisema: msiguse kabati hata moja mpaka mjue maji yanaingilia wapi.

Jamani, hapa naomba mnisikilize, hata wewe uliyepanga Sinza na chini ya sinki lako ubao umevimba kama chapati. Kabati likioza, kabati si mgonjwa. Ukibadilisha ubao huku bomba linavuja, umenunua uozo mwingine kwa bei ya leo. Kwenye gari-nyumba maji hayapigi hodi. Yanapita kwenye maungio ya paa, kwenye fremu ya dirisha, kwenye tundu la skrubu, halafu yanasafiri ndani ya ukuta yanatokea mbali na yalipoingilia. Na ukuta wenyewe usifikiri ni tofali. Nje ni bati jembamba la alumini. Katikati kuna lile povu gumu jeupe linalokuja na televisheni mpya, likishikwa na papi nyembamba za mbao. Ndani ni plaiwudi ya milimita 3. Basi. Unene wote ni kama wa kitabu cha simu cha zamani. Na kabati zito la juu, lenye vyombo, limening'inia kwenye zile papi. Papi zikioza, kabati limeshikiliwa na rangi tu, na chini yake kuna kichwa cha mtu aliyelala.

Tulilitafuta tundu kwa mpira wa maji. Mmoja nje anamwagia kuanzia chini kupanda juu, sehemu moja moja kwa dakika kadhaa, mwingine ndani na tochi. Ukianza na paa, maji yanashuka yanalowesha kila kitu na hujui lipi ni lipi. Maji yalitokea pale pale tulipofika kwenye ukanda wa alumini unaounganisha paa na ukuta wa nyuma. Mtu wa zamani alikuwa ameziba na silikoni juu ya silikoni juu ya silikoni. Yule mzee alitukana, na hilo mdogo wangu hakulitafsiri. Shida ya silikoni ni kwamba ikikaa pale hakuna kingine kinachokubali kushika juu yake, hata silikoni mpya, na nyingine ile yenye harufu ya siki inakula alumini. Ilibidi tuikwangue yote kwa kipande cha plastiki, siku mbili, tufute kwa spiriti, tung'oe ukanda, tuweke utepe mpya wa butili chini yake, ule mweusi unaonata kama ulimbo, na turudishe kwa skrubu za chuma kisichoshika kutu.

Halafu kusubiri. Hili ndilo lililonishinda kabisa, maana mimi ni mtu wa haraka. Tulifungua ukuta wa ndani, tukatoa povu lililolowa, na mzee akatuazima mashine ya kukausha hewa. Ikaunguruma mchana na usiku, kila asubuhi shemeji anamwaga ndoo ya maji. Siku kumi na moja. Kipima unyevu kikashuka 34, 29, 24, kikagoma kwenye 21 siku tatu nzima, kisha 16. Unajua kuna watu hawawezi kusubiri, wanapaka vanishi juu ya ubao wenye maji? Maji yanafungiwa ndani, mwaka mmoja baadaye unarudi pale pale.

Katika siku zile kumi na moja makabati yote ya nyuma yalikuwa yameshuka, yamepangwa gereji. Kuyashusha nako ni kazi ya adabu. Kwanza betri inachomolewa na gesi inafungwa, maana nyuma ya makabati kuna nyaya za taa za volti 12 na mabomba ya gesi, na ukichoma skrubu mahali pabaya umelipua likizo yako. Kila hatua inapigwa picha kwa simu. Kila kipande kinabandikwa karatasi ya namba. Skrubu za kila kabati zilikaa kwenye trei ya mayai, kila tundu na namba yake. Hiyo trei lilikuwa wazo langu, naomba likumbukwe, kwa sababu kazi yangu nyingine yote ilikuwa kupiga msasa na kupika pilau.

Kwa nini hatukutupa yote tukatengeneza mapya? Nami niliuliza. Sababu ya kwanza ni uzito. Kwa leseni ya kawaida kule mwisho wako ni kilo 3,500, gari, watu, maji na masufuria vyote pamoja. Kabla ya ukaguzi huo shemeji alikuwa amepanga kununua plaiwudi ya bechi, nzuri na imara. Mzee akamshikisha vipande viwili. Karatasi ya mita 2.5 kwa 1.25, nene milimita 15, ikiwa ya bechi inakaribia kilo 32, ya popla kama kilo 20. Zidisha kwa karatasi sita. Ndiyo maana wajenzi wa magari haya wanapenda popla, mti mwepesi hata kama si mzuri kwa sura.

Sababu ya pili ni kibao cha namba. Ujerumani gari likitimiza miaka 30, na mkaguzi akiridhika kwamba limetunzwa katika hali yake ya asili, linapewa kibao chenye herufi H mwishoni. Utaratibu huo ulianza mwaka 1997. Kodi inakuwa moja tu, kama euro 191 kwa mwaka, na unaruhusiwa kuingia hata sehemu za miji zinazokataa dizeli za zamani. Ukiweka makabati ya kisasa meupe yanayong'aa, mkaguzi anaweza kukuuliza asili iko wapi. Kwa hiyo kilichopona kilitakiwa kirudi.

Tukachambua. Milango ya mbele ilikuwa mizima, imechoka rangi tu. Fremu zake ni mbao halisi. Sakafu za makabati zilikuwa chipibodi, na chipibodi ikishanywa maji haina dawa: inavimba, haisinyai tena, skrubu haishiki. Hiyo ilitupwa, vipande vya zamani vikatumika kama pateni ya kukatia popla mpya. Kuta za pembeni zilikuwa plaiwudi iliyoachana matabaka, kama kitabu kilicholoweshwa. Hizo nilidhani na zenyewe ni za jalalani. Mzee akachukua sindano ya hospitali (mdogo wangu ndiye aliyeileta, msimwambie bosi wake), akajaza gundi ya mbao, akaichomeka katikati ya matabaka, akasukuma mpaka ikachungulia pembeni. Akaweka karatasi ya kuokea keki juu na chini ili gundi isishike pabaya, kisha mbao mbili nene, kisha klampu sita. Saa 24 hakuna kugusa. Kesho yake ubao unagonga ko-ko-ko kama mpya.

Matundu ya skrubu yalikuwa yamelegea yote. Nyumba yako ya Mbezi haitikisiki, lakini kabati hili limetikiswa miaka 38. Hapo nikasema ngoja niulize nyumbani. Nikampigia kwa video fundi wangu wa Keko, yule aliyenitengenezea meza ya kulia. Nikamwonyesha tundu. Hakufikiri hata sekunde: "Dada, toboa kubwa kidogo, pigilia kijiti cha mbao ngumu na gundi, kata usawa, acha ikauke, toboa upya. Usimwongezee skrubu ndefu, utatokea upande wa pili." Mdogo wangu akatafsiri. Mzee akatoa mfukoni vijiti vya duara vya mti wa buki, akavionyesha kwenye kamera. Mafundi wawili, Keko na Ujerumani, wakapungiana mikono. Nilifurahi mno, sijui kwa nini.

Mnadhani basi mke na mume wamepatana? Wapi. Walikuwa wanazungumza, ndiyo, lakini ni mazungumzo ya "nipe patasi", "shika hapa", "anasema usikandamize". Jioni kila mtu na simu yake. Jumapili ndiyo ilikuwa mbaya zaidi, maana kule Jumapili huruhusiwi kuwasha keekee wala msumeno wa umeme, majirani wanataka utulivu, na bila kelele za mashine ile nyumba ilikuwa na ukimya wa msibani.

Jumapili mojawapo ndiyo mzee alinisimulia, kwa tafsiri ya mdogo wangu, habari ya Arist Dethleffs wa mji wa Isny. Familia yake ilikuwa inatengeneza mijeledi na fimbo za kutelezea kwenye theluji, na yeye alikuwa anazunguka kuuza, wiki hadi wiki. Mwenza wake, Fridel, alikuwa mchoraji. Hakutaka kubaki nyumbani akisubiri. Akataka kitu cha kusafiria ambacho wangeweza kukaa pamoja na yeye achore. Mwaka 1931 Dethleffs akatengeneza trela la kulala, akaliita gari la kuishi, na Wajerumani wanalihesabu kuwa karavani lao la kwanza. Jina lake limebaki kwenye kampuni ya magari hayo mpaka leo. Mdogo wangu alipomaliza kutafsiri alinyamaza muda mrefu. Mimi kazi yangu ni kusoma nyuso za watu, nikaona kitu kimepita usoni pake, lakini sikusema neno.

Wiki ya tatu tukapandisha makabati. Papi mpya zilikuwa zimeshagundishwa ukutani, povu jipya limewekwa, plaiwudi mpya imefunika, kipima unyevu kinasoma 12. Kabati la juu haliwezi kupandishwa na mtu mmoja. Mmoja lazima asimame juu ya kitanda, alibebe kwa kichwa na mikono miwili, mwingine achome skrubu akianzia katikati kwenda pembeni. Mzee hakuwepo, mimi ni mfupi. Wakaingia wao wawili.

Mimi nilikuwa nje napiga msasa mlango wa mwisho, 120, kisha 180, kisha 240. Nimeshawaambia ukuta wa gari lile ni mwembamba. Sikuwa nasikiliza kwa makusudi. Sawa, nilikuwa nasikiliza.

"Wewe ukitoka usiku mimi ndiyo naingia," shemeji anasema, skrubu imebanwa midomoni. "Mwaka mzima tunaandikiana vikaratasi kwenye friji. Off yako Jumanne, yangu Alhamisi. Nikaona nikiwa na hili, nalipaki pale kazini kwako. Ukitoka saa kumi na mbili asubuhi unakuta chai, unalala, mimi naendesha. Ukiamka uko baharini. Umezaliwa Tanga, wewe. Miaka mitano hujaona bahari."

Kimya.

"Ungeniambia," mdogo wangu akasema.

"Ungekataa."

"Ndiyo, ningekataa. Ndiyo maana watu wanaambiana."

Kimya tena, kirefu. Nikaacha kupiga msasa.

"Tulichanga wote," akaendelea, na sauti ilikuwa imebadilika. "Kila zamu ya usiku niliyofanya Krismasi nilikuwa nahesabu, hii ni miguu kumi ya kiwanja. Umeniamulia kama mtoto. Hukunipa hata nafasi ya kukataa."

Nilimsikia shemeji akisema samahani. Si ile samahani ya kukanyagana kwenye daladala. Alisema alikosea, akataja kosa lenyewe, kwamba alijua kabisa angekataliwa na ndiyo maana alikaa kimya. Mdogo wangu hakujibu hilo. Akasema, "Kaza hiyo ya kushoto, mkono wangu umekufa ganzi."

Mimi bado nasema alikosea, na nimemwambia uso kwa uso, yeye anajua. Nia nzuri haikupi ruhusa ya kufungua pochi ya mwenzio. Ila nilitamani pia siku ile ya kwanza ningeuliza kwa nini kabla sijasema uza.

Zilizobaki ni kazi ndogo ndogo. Kingo za popla tulizibandika vinia kwa pasi ya nguo, ile yenye gundi nyuma: unapitisha pasi taratibu, unakandamiza kwa kipande cha mbao, kikipoa unakata ziada kwa wembe. Kabla ya kupaka milango, mzee alidondosha spiriti kwenye kona iliyojificha kuona kama rangi ya zamani inayeyuka. Ikiyeyuka, ni sheleki. Haikuyeyuka, kwa hiyo tulipiga msasa kidogo tu, tukafuta vumbi, tukapaka vanishi nyembamba mara tatu badala ya nene mara moja. Vifungo vya milango tulinunua vipya, vya kubonyeza, vinavyojifunga na kukatalia. Sumaku za makabati ya jikoni hazifai humo, kona ya kwanza tu sahani ziko sakafuni. Vifaa vyote, pamoja na kukodi msumeno siku mbili, vilikula euro 640. Mzee hakutaka hata senti, alitaka pilau. Alikula sahani tatu.

Siku mbili kabla sijaondoka tulikwenda. Kutoka pale hadi bahari ya kaskazini ni kama saa mbili na nusu kwa gari lile, maana mlima hata ukiwa mdogo linaomba dua. Mdogo wangu alikuwa ametoka zamu ya usiku, alipanda bado amevaa sare, akalala nyuma chini ya lile kabati. Mimi nilikaa mbele nimegeuka, macho kwenye mlango wa kabati, roho mkononi. Vikombe vinagongana ndani, mlango haukufunguka.

Tulipofika maji yalikuwa yamekupwa, matope mpaka upeo wa macho. Akashuka na soksi, akaangalia, akasema, "Hii nayo bahari?" Shemeji akajibu kwamba yatajaa saa kumi. Wakakaa kwenye ngazi ya gari wakayasubiri. Wananiambia sasa wanakwenda karibu kila mwezi, na bado wanagombana kuhusu nani amemaliza gesi.

Kiwanja? Hilo nalo mmelisubiri. Jioni ile, wakati wa kupanga vyombo, mdogo wangu alichukua penseli ya mzee iliyosahaulika kwenye droo. Akafungua mlango wa lile kabati la kona ya nyuma, lile lililonijia mkononi. Upande wa ndani akaandika 7,500, chini yake akaandika 300 kila mwezi, kutoka mshahara wa shemeji, akachora mistari ishirini na tano. Shemeji akauliza kama anaweza kupaka vanishi juu ili maandishi yasifutike. Akaambiwa asithubutu, kila mwezi mstari mmoja utafutwa.

Nimeongea nao juzi. Imebaki mistari miwili.